Betri Iliyokohoa

Siku Ephantus Waweru alipomwona mchungaji mzima akisukuma gari lake pale Ruiru, koti limempanda mabegani na mkewe ndani ameshika usukani huku amefumba macho, hakucheka kama wengine walivyocheka. Alivua kofia. Ephantus alikuwa mtu wa kuiheshimu riziki kila inapojitokeza.

Ilikuwa Julai ya mwaka wa hamsini na tisa, na baridi ya mwezi huo kila mwenye gari aliijua. Asubuhi gari linakataa kuwaka. Ukizungusha hendeli, hendeli inarudi nyuma na kukuvunja mkono. Ukisukuma, unasukuma mbele ya watu wale wale uliowatimulia vumbi jana. Na ukisema uipeleke betri kwa wauza magari wa Nairobi, utakaa kwenye benchi tangu asubuhi, uambiwe mtaalamu amekwenda kunywa chai, na mwisho ulipe bei ya ng'ombe kwa kitu ambacho hata hukuonyeshwa kinavyofungwa. Wenye magari wa Thika na Ruiru waliliogopa lile benchi kuliko hendeli.

Ephantus alikuwa na miaka ishirini na minane, tai mbili, baiskeli moja na maneno yasiyokwisha. Alikuwa pia na shida, na shida hiyo iliitwa Njambi.

Njambi alikuwa fundi cherehani, binti wa Mzee Gathogo wa Gatongora. Alimpenda Ephantus, lakini kwa macho wazi, kama unavyompenda paka unayejua anaiba nyama. Baba yake hakuwa na mapenzi ya namna yoyote.

"Ruracio yangu, mahari ya huyu msichana, niione Jumamosi ya mwisho wa mwezi," Mzee Gathogo alikuwa amesema. "Mbuzi, ama pesa ya mbuzi. Ikipita hapo, kuna karani wa kahawa ameweka meno mbili ya dhahabu. Mtu ako na dhahabu kwa mdomo hawezi kosa mbuzi."

Njambi alimsindikiza hadi kwenye ua. "Zilete kwa njia ya kueleweka, Ephantus. Sitaki kuolewa na mahari itakuja kudaiwa na wenyewe."

"Mimi? Njambi, mimi ni mtu wa biashara."

"Ndiyo hiyo inaniogopesha."

Ephantus aliuza saa ya mkono, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa ya mtu mwingine, akanunua betri moja nzima ya gari dogo. Kisha akamwendea dresa mmoja mstaafu wa hospitali, akanunua kile chombo cha daktari cha kusikilizia kifua, chenye mipira miwili ya kuingiza masikioni. Huo ndio ulikuwa mtaji wote. Watu wengine wameanzisha makampuni kwa akili ndogo kuliko hiyo.

Mteja wa kwanza alikuwa Ndung'u, mwenye bucha pale Thika, mtu mnene, mwenye gari dogo jeusi alilolipangusa kwa kitambaa ambacho watoto wake walikatazwa hata kukitazama. Ndung'u aliingia kunyolewa. Ephantus akalifikia gari, akafungua boneti mchana kweupe huku akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Mtu anayefungua boneti huku akipiga mluzi wa kanisani haulizwi na mtu. Alilegeza zile nyaya mbili, akapaka nta ya mshumaa juu ya vichwa viwili vya betri, akazirudisha nyaya mahali pake, akafunga. Nta haipitishi umeme. Betri ilikuwa na afya njema, ila ilikuwa imezibwa mdomo.

Ndung'u alitoka kichwa kiking'aa, akaingia garini, akavuta swichi. Kimya. Akavuta tena. Kimya.

"Imekataa?" akauliza Ephantus, aliyekuwa akipita tu na baiskeli yake, na betri kwenye keria imefunikwa gunia.

"Na jana ilikuwa mzima!"

"Hata marehemu wote jana walikuwa wazima, mzee wangu."

Watu walianza kujikusanya. Ephantus alitundika chombo chake shingoni, akaweka kile kisahani juu ya betri, akainamisha kichwa.

"Vuta pumzi," akaiambia betri.

Akasikiliza. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akavua mipira, akamtia Ndung'u masikioni mbele ya watu ishirini. Na mtu aliyetiwa mipira masikioni mbele ya watu ishirini hawezi kusema hasikii kitu.

"Unasikia?"

"Nasikia kama... kama kitu..."

"Kama kikohozi."

"Ĩĩ! Kikohozi!" Ndung'u aliwageukia watu. "Inakohoa, ngai!"

"Ilikuwa inakohoa. Hiyo ilikuwa ya mwisho. Pole sana."

"Sasa nikimbie Nairobi?"

"Nairobi kufanya nini? Ukakalie benchi? Betri ninayo hapa, na mimi sitaigusa gari yako hata na kidole. Utabadilisha wewe mwenyewe, na mikono yako, ndiyo siku ingine usidanganywe na mtu."

Hapo ndipo ungemwona Ndung'u alivyokunja mikono ya shati. Na tumpe Ephantus haki yake: somo lilikuwa la kweli, na mtu yeyote mwenye gari angeweza kulifuata hata leo. Funga kila kitu ndani ya gari. Anza na waya ule ulioshikamana na mwili wa gari, ndio uufuate mwingine. Spana isiguse vichwa viwili kwa pamoja, la sivyo utaona cheche za motoni kabla ya siku yako. Inyanyue wima, maana ndani mna asidi itakayokula suruali. Safisha ncha za nyaya kwa magadi na maji moto mpaka zing'ae. Weka betri mpya, funga zile nyaya, na ule wa mwanzo kutoka uwe wa mwisho kurudi. Paka grisi kidogo. Basi.

Ndung'u akavuta swichi na gari likanguruma. Watu wakapiga makofi. Ndung'u alishuka akiwa ameongezeka urefu, akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwa mwenye bucha.

"Na hii nyingine?" aliuliza, akionyesha betri yake iliyokaa chini.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na ujanja wenyewe. Ephantus aliinamisha macho.

"Mimi ni Mkristo, mzee, nimebatizwa, sina mambo ya kizamani. Lakini kitu kilichokufa, tena umekigusa na mikono yako, kilale kwa boma yako, karibu na mtungi wa maji, karibu na watoto..." Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza. Wazee waliita jambo hilo thahu, unajisi wa mtu aliyegusa maiti, usiotoka ila kwa mbuzi na mtu anayejua maneno yake. Zamani nyumba iliyofiwa ilihamwa kabisa. Sasa kila mtu alikuwa na Biblia kabatini na alicheka mambo hayo, ila alicheka akitazama mlango.

"Mimi siamini," alisema Ndung'u haraka. "Lakini mama watoto ni mtu wa moyo mwepesi. Iondoe. Nitakuongeza kitu kidogo."

Ephantus akaiondoa. Akaipangusa nta, akaipaka rangi nyeusi ya viatu, ikawa mpya, na siku ya pili ilikuwa Ruiru ikiuzwa kwa yule mchungaji. Ya mchungaji ikapanda baiskeli hadi Witeithie kwa mwenye kinu. Ya mwenye kinu ikarudi Thika kwa karani wa mahakama, na ya karani kwa mwalimu mkuu. Kila betri ilisogea gari moja mbele. Hakuna aliyepata betri mbovu, kwa kuwa hakukuwa na betri mbovu, na nadhani huo ndio wizi pekee katika wilaya nzima uliowaacha walioibiwa wakiwa na furaha. Walikuwa wakisimama barabarani kufundishana. "Anza na ule waya wa mwili!" karani alimpigia kelele mwalimu mkuu mbele ya mahakama, wote wawili wakidhani wamewashinda wauza magari wa Nairobi.

Wa sita alikuwa Mzee Gathogo mwenyewe.

Usinitazame hivyo. Ephantus hakupenda, lakini mkwe wake mtarajiwa alikuwa na gari la kijivu alilopenda kulifikisha kanisani likiwa na kelele, na hesabu ya ruracio ilikuwa imepungua kidogo. Mwizi mwenye adabu humwibia mkwe kwa bei nafuu. Mzee Gathogo alisikiliza betri yake kwa mipira kwa muda mrefu kuliko wote, akafumba macho, akatangaza kwamba si kikohozi cha kawaida, ni kile kikavu. Kisha akabadilisha betri kwa mikono yake, na kwa mara ya kwanza akamwita Ephantus "mwanangu". Njambi alisimama mlangoni na kipande cha kitambaa mkononi, akitazama.

Sasa Ephantus alikuwa na fedha zote isipokuwa za mbuzi mmoja au wawili, na kwenye keria alikuwa na betri ya mkwe. Wazee wa kwao hawaipendi saba. Hesabu ya saba huiruka au huipa jina lingine, wasije wakaiita ikaitika. Kama Ephantus angesimama kwenye sita, leo tungekuwa tunasimulia harusi.

Wa saba alikuwa mwanamke. Aliitwa Ndunge, na watu walimwita Mama Mbuvi, mjane wa Kikamba kutoka Gatuanyaga aliyeleta mbuzi soko la Thika kwa pikapu kuukuu aliyoachiwa na mumewe. Jumatatu hiyo aliuza mbuzi wote isipokuwa mmoja, beberu mweupe mwenye sikio lililoraruka, ambaye kila aliyetaka kumnunua alijikuta nguo yake inatafunwa. Ndunge aliporudi kwenye pikapu, haikuwaka. Na tazama bahati, daktari alikuwa akipita.

"Vuta pumzi," akaiambia betri. Kisha, kwa huzuni: "Imekufa, mama. Pole."

"Aiya. Imekufa saa ngapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Kama... saa nne."

"Saa tano ndiyo nimefika nayo hapa."

"Basi ilikufa ikiendeshwa. Zingine ziko na moyo, hazitaki kumwacha mtu njiani."

"Vii! Betri ya huruma." Ndunge aliinama kuitazama. Ukucha wake ulipita juu ya kichwa cha betri, ukarudi na kitu cheupe chini yake. Mumewe, marehemu wa kweli, alikuwa dereva wa lori, na alimfanya afungue na kufunga betri hadi akaweza kufanya hivyo akiwa amefumba macho. Ndunge alijua ni nta ya mshumaa. "Na wewe daktari, umetibu zingine?"

Kila mjanja ana ugonjwa wake, na wa Ephantus ulikuwa kutaja majina. "Mama, uliza mtu yeyote! Bwana Ndung'u wa bucha. Mchungaji wa Ruiru. Bwana wa kinu kule Witeithie. Karani wa mahakama. Mwalimu mkuu. Mzee Gathogo wa Gatongora, huyo ni kama baba yangu, Jumamosi napeleka kwake ruracio ya binti yake Njambi."

"Na zile zilizokufa, wewe ndiye unaondoa?"

"Mimi mwenyewe. Kitu kimekufa hakilali kwa boma."

"Kweli kabisa," alisema Ndunge taratibu. "Hakilali. Leo sina pesa, mwanangu. Njoo wiki ijayo. Na toa koti yako kwa mdomo ya huyo mbuzi."

Ephantus alipokata kona, Ndunge alifungua zile nyaya, akapangusa nta kwa upindo wa leso, akafunga, akawasha pikapu. Lakini hakwenda Gatuanyaga. Alishika barabara ya Ruiru, na beberu nyuma.

"Baba Njambi," alisema alipokaribishwa kiti Gatongora, "nimekuja kutoa pole ya msiba."

"Msiba gani?" Mzee Gathogo alishtuka.

"Si mlifiwa na betri?"

"Aa, hiyo! Nilitoa na mikono yangu mwenyewe. Kazi rahisi sana. Unaanza na ule waya wa mwili..."

"Na mikono yako." Ndunge aliitazama mikono ya mzee, kisha akakivuta kiti chake nyuma kidogo. "Na aliyekuambia imekufa alileta mbuzi wa kukutakasa?"

Mama Njambi, aliyekuwa akichambua maharagwe, aliacha kuchambua.

"Mimi siamini mambo hayo," alisema Mzee Gathogo.

"Hata mimi siamini, Baba Njambi. Nimebatizwa. Nimeuliza tu kwa sababu gari yenyewe hubeba watu kanisani."

"Na mtu akitaka," alisema mzee, akitazama pembeni, "si mimi, ni mama Njambi hapa, atapata wapi mtu anayejua?"

Ndunge alikohoa kwa adabu. Alikuwa na kaka, Kaleli. Kila mtu alijua waganga wa Ukambani walivyo. Kile ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba Kaleli alikuwa mshona magunia, na kwamba dawa pekee aliyowahi kumpa mtu ilikuwa chai ya tangawizi.

Jumatano Ephantus aliitwa Gatongora. Alikuta Mzee Gathogo amekaa mikono imefungwa kwa kitambaa cheupe, asiguse kitu.

"Wewe umebeba maiti sita kutoka kwa boma ya watu," alisema mzee. "Nimewatumia habari wenzangu wote watano. Mchungaji anasema yeye haamini, lakini mkewe hajapanda gari tangu jana. Utapeleka mbuzi kwa kila boma, na huyu mtaalamu ataondoa thahu. Kwangu itakuwa mwisho. Ikikosa boma hata moja, Jumamosi usikuje."

Ephantus alifungua mdomo. Neno lilifika mpaka menoni: *hazikufa*. Akalitazama, akaona nyuma yake kuna karani wa mahakama, na nyuma ya karani kuna jela. Akalimeza. Akasema, "Ndiyo, baba."

"Mbuzi wa kawaida hatafaa," alieleza Kaleli, aliyevaa kofia ya manyoya na mkononi ana mkia wa ng'ombe. "Awe mweupe, wa nchi kavu, ambaye hajawahi kukanyaga shamba la kahawa. Na hachinjwi. Mbuzi wa mtu huchinjwa. Mbuzi wa chuma huzungushwa."

Mbuzi wa aina hiyo alipatikana kwa mtu mmoja tu, Mama Mbuvi. Na bei yake, kwa mshangao wa Ephantus, ilikuwa sawasawa na bei ya betri.

Walianza kwa Ndung'u. Ephantus alilipa, Kaleli akamzungusha beberu mweupe mara tatu kuzunguka gari, akatema mate, akaongea Kikamba kirefu ambacho, kama angekuwepo mtu wa kukifasiri, ilikuwa orodha ya bei za magunia. Kisha beberu akaondolewa, kwa maana mnyama aliyebeba unajisi halali pale. Ndung'u akapumua. Ephantus akapanda baiskeli, akapiga pedali hadi kwa karani wa mahakama, akamkuta Ndunge ametangulia kwa pikapu na mbuzi mwingine mweupe.

Kwa mwalimu mkuu aliona sikio lililoraruka, akajisemea huenda mbuzi wa Gatuanyaga wote wana masikio hivyo. Witeithie kwa mwenye kinu, mbuzi alimwona kwa mbali, akaja mwenyewe, akashika koti lake mahali pale pale palipotafunwa Jumatatu.

"Mama Mbuvi!" alinong'ona Ephantus, akimvuta Ndunge nyuma ya kinu. "Huyu mbuzi ni yule yule!"

"Ati yule yule?"

"Unaniuzia mbuzi mmoja kila siku! Namjua! Na yeye ananijua!"

Ndunge alifungua fundo la leso. Ndani hamkuwa na fedha. Mlikuwa na kipande cha nta, kidogo kama punje ya mahindi.

"Haya, twende mbele ya bwana wa kinu," alisema kwa upole. "Wewe uliza habari ya mbuzi, mimi niulize habari ya betri. Nani aanze?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ephantus alimtazama mbuzi, mbuzi akamtazama. Akalipa.

Akalipa kwa mchungaji, ambaye alisimama nyuma ya pazia wakati wote ili asiwe ameona. Na Ijumaa, Gatongora, fedha zilipungua, akaongeza chombo chake cha kusikilizia kifua. Kaleli alikivaa shingoni papo hapo, kikampendeza. Mzee Gathogo akafunguliwa vitambaa mikononi, akalitia gari moto, akazunguka nalo ua mzima akipiga honi.

Ndunge alimwachia Ephantus kamba ya mbuzi. "Mchukue huyu. Umemnunua mara sita, si haki nirudi naye."

Jumamosi wazee wanne walikaa Gatongora, pombe ya miwa imemiminwa. Ephantus alifika amevaa tai ile nzuri, anasukuma baiskeli yenye betri kwenye keria, na nyuma yake beberu mmoja mweupe. Alikuwa hajalala vizuri. Alikuwa amefikiri sana, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mawazo hayo yalikuwa ya kweli: atamwomba mzee muda, na huyu mbuzi awe mwanzo.

Mzee Gathogo alisimama, glasi mkononi. "Huyo si ndiye mbuzi aliyetoa thahu kwangu jana?"

"Baba..."

"Alibeba uchafu wa maiti yangu, akaondoka, na wewe unamrudisha kama mahari ya mtoto wangu?"

Njambi alikuwa amesimama kando ya mama yake. Ephantus alimtazama, na uongo wote aliokuwa nao, ambao haukuwahi kumkosa, ukamkosa. Alimpenda yule msichana. Alimpenda hadi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akasema ukweli.

"Baba, hakuna maiti. Betri haikufa. Hakuna hata moja iliyokufa. Nilipaka nta ya mshumaa, nikawadanganya nyote sita. Mbuzi huyu ni safi, ni mbuzi tu."

Wazee walitazamana. Kisha Mzee Gathogo akacheka, kicheko kibaya.

"Unasikia huyu? Eti haikufa! Mimi niliisikia na masikio yangu, ikikohoa, kile kikohozi kikavu! Mimi nadanganywa? Mimi, niliyeitoa na mikono yangu, nikaanza na waya wa mwili?"

"Ilikuwa ni upepo, baba, ama ni damu yako mwenyewe masikioni. Tazama, ninayo hapa!" Ephantus alivuta gunia. "Hii ndiyo betri yako! Tuirudishe kwa gari sasa hivi, utaona inawaka!"

Hakuwahi kuona wazee wakiruka namna ile. Glasi zilianguka. Mama Njambi alipiga yowe, akavuta watoto wa jirani ndani. Mzee mmoja, ambaye alikuwa shemasi, alijikuta juu ya ngazi ya ghala.

"Ameirudisha!" alipiga kelele Mzee Gathogo. "Ameirudisha maiti nyumbani! Ondoka! Toka na maiti yako na mbuzi wako, na nikikuona hapa tena nitaita polisi!"

Njambi alimfuata hadi kwenye ua, pale pale. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa unapigana na kicheko.

"Mimi nimekuamini," alisema.

"Kweli?"

"Kila neno. Ndiyo maana siwezi." Akashika kitasa cha lango. "Karani pia simtaki, hata na dhahabu yake. Lakini kama ungesema haya kabla ya betri ya baba yangu, Ephantus, ningesimama na wewe mbele ya wote."

Lango likafungwa. Ephantus alisimama hapo na uchungu ambao hakuweza kuuelezea kwa maneno matamu, yeye ambaye aliweza kuelezea kila kitu. Mbuzi alimaliza kutafuna mfuko wa koti.

Hajafika barabara kuu, pikapu ilisimama kando yake. Ndunge alikuwa kwenye usukani. Kaleli alishuka na chombo cha daktari shingoni, akapiga goti, akaweka kile kisahani kwenye kifua cha mbuzi.

"Vuta pumzi," akamwambia mbuzi. Akasikiliza. Akatikisa kichwa. "Anakohoa. Kikavu. Pole sana, daktari, huyu hafiki kesho." Akahamia kwenye betri. "Na huyu naye marehemu. Tukuondolee?"

"Chukueni," alisema Ephantus. "Chukueni tu."

"Kuna kitu kidogo cha kuondolea," alisema Ndunge kutoka dirishani. "Si ndiyo kawaida yako?"

Hakuwa na senti. Kaleli akatoa spana, akafungua kiti cha baiskeli kwa ustadi mkubwa, akakitia nyuma ya pikapu, pamoja na betri, pamoja na beberu, ambaye alimtazama Ephantus hadi gari lilipopotea kwenye vumbi la Gatuanyaga.

Baiskeli isiyo na kiti haipandiki. Ephantus aliishika usukani, akaanza kuisukuma kuelekea Thika, koti limempanda mabegani. Alikuwa hajafika mbali gari dogo lilipomjia kwa nyuma, injini ikinguruma safi kabisa. Ndani alikuwa yule mchungaji wa Ruiru na mkewe. Mchungaji alipunguza mwendo, akamtazama mtu anayesukuma, na hakucheka. Akavua kofia.